ABUSHIRI BIN SALIM: MTU WA PANGANI ALIYEIKATAA BENDERA YA KAMPUNI

Bismillahi Rahmani Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad.



Ijumaa hii tunasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake wengi wetu tumelisikia barazani, lakini habari zake tumezipata vipande vipande. Naye ni Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889. Wapo wanaomsifu mpaka wakamfanya kama walii. Wapo wanaomtaja kuwa ni mfanya biashara ya watumwa basi, kisha wanatunyooshea kidole sisi Waislamu wa huku ziwani, wanaotuita Wangwana, kana kwamba ni sisi tuliofunga watu minyororo. Muumini hahukumu kwa mapenzi wala kwa chuki, bali hushika mizani. Basi tuishike leo, tumpime mtu huyu kwa mema yake na kwa mabaya yake, kwa kuwa habari zake zina mazingatio makubwa kwa sisi watu wa Uvira ambao vita tumeviona kwa macho yetu.

ASILI YAKE

Pangani ni mji wa pwani, kaskazini ya Bagamoyo, pale mto Pangani unapoingia baharini. Ni mbali na Kalundu, lakini si mji wa kigeni kwetu. Kutoka miji ile ya pwani misafara ilikwenda Tabora, ikafika Ujiji, na kutoka Ujiji mitumbwi na mashua zikapanda na ziwa mpaka Uvira. Njia hiyo ndiyo iliyotuletea Kiswahili tunachosema na dini tunayoifuata. Na njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na wanadamu waliofungwa shingo. Yote mawili ni kweli, na mwenye kusema moja akaficha la pili hajasema kweli.

Abushiri alizaliwa katika miaka ya 1840 hivi. Baba yake alikuwa Mwarabu wa kabila la al-Harthi, na inasimuliwa kuwa mama yake alikuwa Mworomo. Ukoo wa al-Harthi ulikuwa na ugomvi wa tangu zamani na ukoo wa Masultani wa Unguja, na Abushiri aliurithi ugomvi huo. Katika ujana wake alisafiri bara na misafara, akapigana upande wa Waarabu wa Tabora katika vita vyao na Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi. Baadaye akakaa Pangani, akalima miwa na kutengeneza sukari.

Mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalilimwa na watumwa. Kazi ya miwa ni nzito, na watu wale waliifanya bila hiari. Mwaka 1873 watumwa wengi wa mashamba yale walitoroka, wakajenga makazi yao wenyewe, na wenye mashamba wakashindwa kuwarudisha. Jambo hili tuliweke kando kwanza. Tutalirudia, kwa maana ndilo linalofungua habari yote.

KAMPUNI NA KARATASI ZAKE

Mwaka 1884 Mjerumani mmoja jina lake Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akawatia sahihi wakubwa wa nchi kwenye karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Mwezi wa Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akazikubali karatasi hizo, akawapa Peters na wenzake hati ya ulinzi. Mwezi huo huo mkutano wa Berlin ulikuwa unamalizika, na Leopold wa Ubelgiji akatoka akiwa na Kongo mikononi, sisi wa ng'ambo hii ya ziwa tukiwemo. Hakuna mtu wa Pangani wala wa Uvira aliyekuwa amekaa katika mkutano ule.

Sultani Barghash wa Unguja alipolalamika, manowari za Wajerumani zikaja mbele ya mji wake mwezi wa Agosti 1885, naye akanyamaza. Alifariki mwezi wa Machi 1888. Ndugu yake Khalifa alikalia kiti, na tarehe 28 Aprili 1888 akatia sahihi mkataba wa kuikodisha pwani kwa ile kampuni ya Wajerumani kwa miaka 50. Kampuni ilipewa forodha, ushuru, na amri juu ya miji. Wenye miji hawakuulizwa.

Mwezi wa Agosti 1888 kampuni ikaja kushika alichokodi. Ikataka watu wathibitishe mashamba yao ni yao, ikaleta ushuru mpya, ikawaondolea majumbe na maliwali heshima na mapato waliyozoea. Mtu aliyelala mwenye shamba akaamka anaulizwa karatasi ya shamba.

Pangani aliletwa afisa mmoja, Emil von Zelewski, mtu mwenye haraka na kiburi. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali alipokataa, Zelewski akaita wanamaji kutoka manowari iliyokuwa karibu. Habari zilizoandikwa zinasema kwamba walipokuwa wakimtafuta liwali, siku za Idi ya Hija, waliingia mpaka msikitini na mbwa wao, watu wakiwa katika ibada.

Ndugu zangu, wapo wanaodhani kuwa vita vile vilianza kwa sababu ya mbwa. Mbwa alikuwa mlango tu. Watu walikuwa wamekwisha kunyang'anywa bandari, ardhi na amri, na sasa wakaona hata nyumba ya Mwenyezi Mungu haikubaki na heshima yake.

WATU WANAINUKA

Mwezi wa Septemba 1888 Pangani ikajaa watu: wenyeji wa mji, Waarabu wa mashamba, wapagazi waliofika na misafara, watu wa vijiji vya jirani. Wakawazingira maafisa wa kampuni ndani ya nyumba yao. Sultani akamtuma jemadari wake, Mwingereza aliyeitwa Mathews, naye akawatoa Wajerumani wakiwa hai, kisha yeye mwenyewe akalazimika kuondoka. Katika zogo hilo ndipo Abushiri alipotokea kuwa kiongozi. Hakuanzisha yeye hasira ya watu. Aliikuta, akaitia mpango. Na tangu siku hizo hakumtambua tena Sultani kuwa na amri juu yake.

Moto ukashika pwani yote. Kilwa, maafisa wawili wa kampuni waliuawa. Lindi na Mikindani, wenzao wakakimbia. Tarehe 22 Septemba Bagamoyo ilishambuliwa, na wanamaji wa Kijerumani wakawarudisha nyuma washambuliaji kwa bunduki, wakafa watu wengi. Kabla mwaka haujaisha kampuni ilibaki na miji miwili tu katika pwani nzima, Bagamoyo na Dar es Salaam, nayo kwa sababu manowari zilikuwa zimetia nanga mbele yake. Sadani ilikuwa chini ya Bwana Heri, naye hakumpa Mjerumani nafasi. Vita hivi ndivyo Sheikh Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwanachuoni wa pwani ile, alivyovitungia utenzi.

Wakati huo wasafiri wawili wa Kizungu, Hans Meyer na Oscar Baumann, walikuwa wanarudi kutoka Usambara. Walikamatwa, wakatiwa minyororo. Abushiri angeweza kuwaua, wala hakuna ambaye angemzuia. Aliwaacha kwa fidia. Meyer alirudi mwaka uliofuata, na tarehe 6 Oktoba 1889 akafika kilele cha Kilimanjaro. Baumann naye mwaka 1892 alifika Burundi, nchi ya milima ile tunayoiona ng'ambo ya ziwa kila asubuhi. Hivyo mfungwa wa Pangani akaja kuwa mtangulizi wa Wajerumani waliokuja kukaa jirani yetu.

Katika Bagamoyo palikuwa na misheni ya mapadri Wafaransa, na maelfu ya wanavijiji walikimbilia humo. Abushiri hakuigusa, akakubali padri wa pale awe mjumbe kati yake na Wajerumani. Haya ni katika mema yake, na tuyataje.

Lakini mezani pana upande wa pili. Tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji walivamia misheni ya Wajerumani huko Pugu, karibu na Dar es Salaam. Watu watatu wa misheni, mmoja wao mwanamke, waliuawa, na wengine wakachukuliwa mateka mpaka walipokombolewa. Sisi tumefundishwa, na Khalifa Abubakar (R.A.) aliwausia hivyo majemadari wake, kwamba mwanamke asiuawe, wala mzee, wala mtoto, wala mtu aliyejitenga kwa ibada yake. Ubaya wa Zelewski msikitini Pangani hauhalalishi ubaya wa Pugu. Mwenye kudhulumiwa haruhusiwi kudhulumu mwingine ambaye si aliyemdhulumu.

DOLA INAKUJA

Kampuni iliposhindwa, dola yenyewe ikaingia. Huko Ulaya wakati ule Kadinali Lavigerie, mkubwa wa Mapadri Weupe, alikuwa akihubiri kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe. Biashara ile ilikuwa haramu na uchafu, na aliyeipinga alipinga ubaya. Lakini wakubwa wa Ujerumani waliona hapo wamepata nguo ya kuvika vita vyao. Tangu tarehe 2 Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza zilifunga pwani. Tarehe 30 Januari 1889 bunge la Ujerumani likatoa marki milioni 2, kwa maneno ya kuzuia biashara ya watumwa na kulinda mambo ya Wajerumani.

Aliyepewa kazi ni Hermann Wissmann, mtu aliyekwisha kuvuka Kongo na kufika Nyangwe. Jina hilo wazee wa ziwani walilijua kwa njia nyingine: meli ya Wajerumani iliyotembea ziwa letu la Tanganyika iliitwa Hedwig von Wissmann, kwa jina la mkewe, na ilizamishwa tarehe 9 Februari 1916 katika vita kuu vya kwanza.

Jeshi la Wissmann halikuwa jeshi la Wazungu. Maafisa walikuwa Wajerumani wachache. Waliobeba bunduki walikuwa Wasudani wapatao 600 walioandikwa Misri, na watu kutoka Msumbiji, na Wasomali, na watu wa pwani yenyewe. Wengi wa Wasudani wale walikuwa Waislamu. Siku ya vita, mwenye kuelekea kibla alimpiga risasi mwenye kuelekea kibla, kwa mshahara wa mtu wa tatu.

Tarehe 8 Mei 1889 Wissmann akaishambulia boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Ilikuwa boma ya miti na udongo, na mbele yake mizinga. Zaidi ya watu 100 walikufa ndani yake. Abushiri akaponyoka. Mwezi wa Juni ikaanguka Sadani, mwezi wa Julai Pangani na Tanga.

MWAKA WA MWISHO

Abushiri hakusalimu amri. Akaingia bara, akaishambulia ngome ya Wajerumani ya Mpwapwa, akamuua mmoja wa maafisa wake. Lakini alikuwa amepoteza bandari, na aliyepoteza bandari amepoteza baruti na chakula. Ndipo akafanya jambo lililommaliza. Akawaita wapiganaji wa bara walioitwa Mafiti, maelfu ya watu, akarudi nao kuelekea pwani mwezi wa Oktoba. Watu hao hawakuwa na haja na uhuru wa Pangani. Walikuja kwa ngawira. Walipopita Uzaramo walichoma vijiji, wakachukua mifugo na vyakula, wakaua. Raia ambao mwaka uliopita walimwona Abushiri kuwa ni mtetezi wao, sasa walimkimbia. Askari wa Kijerumani wakawapiga Mafiti, nao wakatawanyika, wakamwacha na watu wachache.

Akabaki anatangatanga vichakani. Wissmann alikuwa ameahidi fedha kwa atakayemleta. Mwezi wa Desemba, katika nchi ya Uzigua, alifika amechoka kwenye kijiji cha jumbe mmoja aliyeitwa Magaya. Jumbe huyo akamkamata, akamfunga, akampeleka habari Mjerumani. Abushiri alichukuliwa mpaka Pangani, mji wake, akanyongwa hapo tarehe 15 Desemba 1889. Kutoka siku ile ya mbwa msikitini mpaka siku ya kitanzi haikupita miezi 16 kamili.

Bwana Heri aliendelea kupigana mpaka mwaka 1890, akasalimu amri. Mwaka huo huo Uingereza na Ujerumani zikagawana, na Sultani akapewa marki milioni 4 kwa pwani aliyokuwa ameikodisha. Kilwa, Hassan bin Omari Makunganya alipigana mpaka akanyongwa mwaka 1895. Zelewski naye hakufika mbali: tarehe 17 Agosti 1891 aliuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo, yeye na sehemu kubwa ya jeshi lake. Mwaka 1905 watu wa kusini wakainuka tena katika vita vya Maji Maji.

Na ule utumwa ambao vita vilisemwa ni kwa ajili yake? Wajerumani walitawala nchi ile mpaka vita kuu vya kwanza bila kuufuta. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Na huku kwetu, Leopold aliyesema amekuja kuwaokoa watu na Waarabu, akawapiga kati ya mwaka 1892 na 1894, kisha akawatia watu wale wale katika kazi ya mpira, na mikono ya watu ikakatwa. Mwizi akimfukuza mwizi, mwenye nyumba asishangilie mapema.

MAZINGATIO

Ndugu Waislamu, tuyachukue matatu kutoka katika maisha haya.

La kwanza, haki haiuzwi na asiyekuwa mwenyewe. Sultani alitia sahihi, na waliolipa ni watu wa Pangani. Leo ukiitwa kuweka sahihi yako au kidole chako juu ya shamba la ukoo, juu ya kiwanja cha mayatima, juu ya mali ya msikiti, simama kwanza. Ulizia. Msomeshe karatasi hiyo mtu mwenye elimu na amana. Waite na wenye haki wenzako. Karatasi usiyoielewa ni kamba, na hujui imefungwa wapi upande wa pili.

La pili, anayesema anatetea watu hutambulika kwa anavyoishi na watu hao. Abushiri hakushindwa na mizinga peke yake. Alishindwa siku wapiganaji wake walipoila kuku ya mjane wa Uzaramo. Sisi hapa, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, tumepisha makundi mengi, na kila kundi lilikuja na jina zuri. Vijana wetu wakiitwa kushika bunduki, na waulize swali moja: watu hawa wanakula nini, na wanakipata wapi? Sababu njema haikisafishi chakula cha kunyang'anya. Na yule jumbe wa Uzigua msimlaani upesi. Mlaani msaliti, ndiyo, lakini muulize pia nani alimfanya mwanakijiji amwogope mtetezi wake kuliko adui yake.

La tatu ndilo kubwa, nalo ndilo tuliloliweka kando. Abushiri alisema kweli kwamba Mjerumani hana haki ya kumtawala mtu huru wa Pangani. Lakini katika bonde lile walikuwepo maelfu ambao hawakuwa huru, na aliyewafunga hakuwa Mjerumani. Alikuwa jirani yao, aliyesali Ijumaa nao mji mmoja. Mtu wa shambani aliyesikia mbiu ya uhuru alikuwa na haki ya kuuliza: uhuru wa nani? Mkono mmoja hauwezi kuvunja mnyororo na mkono wa pili ukaufunga. Dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya dhambi, na Bilal (R.A.), aliyekuwa mtumwa, ndiye aliyepanda juu ya Al-Kaaba kuadhini. Waliofanya biashara ya watu walikuwa na majina ya Kiislamu, lakini matendo yao yaliipinga roho ya Uislamu. Tuliseme hili sisi wenyewe kwa ulimi wetu, tusisubiri kusemwa.

Na hao wanaotuita Wangwana, tuwajibu kwa upole. Mwungwana maana yake ni mtu huru. Wengi wa Wangwana waliofika na misafara mpaka ziwa hili walikuwa wenyewe watumwa, au watoto wa watumwa, waliobeba mizigo ya wengine, wakakaa, wakaoa, wakafundisha watoto alifu kwa kijiti mavumbini. Sisi ni watoto wa wenye minyororo na wa wenyeji waliowapokea. Basi jina hili tulistahiki kwa matendo. Mwenye nyumba atazame yule mtoto wa kazi anayelala jikoni: anakula anachokula mtoto wake? Mwenye mzigo bandarini atazame wapakuzi: wanalipwa kabla jasho halijakauka? Mwenye deni la mwenziwe asimfanye mtu kuwa mtumwa kwa deni. Uungwana ni hapo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa wakitetea haki, awasamehe waja wake makosa yao, awalipe kheri wale waliokufa katika minyororo na majina yao hayakuandikwa popote. Ewe Mola, ulinde mji wetu wa Uvira, ziwa letu na milima yetu. Uwaepushe vijana wetu na bunduki ya dhulma. Uturuzuku viongozi wasiouza wasichomiliki. Utujaalie tuwe waungwana mbele yako. Amin.

Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe njiani wala usifungie bidhaa. Ukiisha kusoma, mpe jirani.)